Sindano Iliyokaa kwenye Friji ya Kimchi

Nyumbani kwetu, mtu akiumwa tumbo haendi kwanza kwa daktari. Anakwenda kwa Bibi.

Bibi ni mama mkwe wangu. Ana miaka sabini na minane, na bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Tunakaa mji wa Wonju, ghorofa ya nne, nyuma ya soko. Mume wangu anaendesha lori, siku nyingi yuko njiani. Kwa hiyo nyumbani tuko wanawake watatu: Bibi, mimi, na binti yangu Na-gyeong. Ana miaka ishirini na mmoja, na anafanya kazi kwenye duka la miwani. Mimi watu wananiita Mama Na-gyeong. Jina langu mwenyewe nalisikia nikienda benki tu.

Dawa ya Bibi ni moja. Ukimwambia chakula kimekukwama, anakushika mkono na kuusugua kutoka begani mpaka kiganjani. Anakufunga uzi kwenye kidole gumba. Anachukua sindano ya kushonea, anaipitisha kwenye nywele zake mara mbili, na kabla hujasema kitu ameshakudunga karibu na ukucha. Linatoka tone la damu.

"Unaona ilivyo nyeusi?" husema. "Hiyo ndiyo iliyokuwa inakuziba."

Unacheua, unapona. Au unadhani umepona. Mimi nimedungwa miaka ishirini na mitatu katika nyumba hii. Mpaka leo sijui kama kilichoniponya ni sindano au ni kumwogopa mama mkwe.

Sasa, Na-gyeong ana mzio wa memil. Wengine wanasema aleji, ni kitu kile kile. Memil ni nafaka ya mkoa wetu, punje zake nyeusi zina pembe tatu. Unga wake unatengeneza tambi na chapati, na sokoni kwetu unauzwa kila kona. Maganda yake tunajazia mito ya kulalia. Na-gyeong alipokuwa na miaka minane alilalia mto wa Bibi, akaamka macho yamevimba hayafunguki. Hospitali wakasema mtoto huyu asiguse memil maisha yake yote.

Wakatupatia sindano yake. Inafanana na kalamu nene, na ndani mna dawa inayoitwa adrenalini. Daktari alieleza kwamba Na-gyeong akila memil kwa bahati mbaya, adungwe pajani papo hapo. Mimi niliitikia, "Ndiyo daktari, ndiyo daktari," kama ninavyoitikia madaktari wote. Kila ilipoisha muda tulipewa mpya. Na kila mpya niliiweka pale ninapoweka vitu vyangu vya thamani, kwenye friji ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, huko roshani. Bibi anaweka humo ginseng yake, mizizi ya dawa. Mimi naweka humo samaki wa sikukuu. Niliona hapo ndipo salama kuliko pote.

Na-gyeong mwenyewe hakutaka hata kuiona. Alipokuwa na miaka kumi na sita, rafiki yake alimpa biskuti shuleni, kumbe ina memil. Mwalimu akamdunga kwa sindano ya shule. Gari la wagonjwa likaingia mpaka uwanjani, na shule nzima ikatoka madirishani kumwangalia anatapika. Alipona siku hiyo hiyo, lakini wenzake walimwita King'ora mpaka anamaliza shule.

"Ukiumwa tena je?" nilimuuliza.

"Nitameza kidonge cha kuwashwa."

Nikaendelea na kazi zangu. Sikutaka ugomvi, na kusema kweli sikujua kidonge na sindano vinatofautiana nini.

Jumamosi moja ya Oktoba, Na-gyeong alirudi kutoka kazini saa nane mchana. Siku hiyo duka lao hufungwa mapema.

"Umeshakula?" nikamuuliza.

"Nimekula. Bosi katununulia tambi wote."

"Tambi gani?"

"Za ngano, Mama. Nimeuliza mara mbili."

Akakaa sakafuni. Nikamwona anajikuna viganja. Masikio yalikuwa mekundu. Sijakaa sawa, akakimbilia chooni, akatapika.

Bibi alikuwa ameshasimama mlangoni na uzi mkononi.

"Kavimbiwa huyo," akasema. "Anakula mbiombio kama askari. Lete mkono."

Akamsugua, akamfunga, akamdunga kidole gumba cha kulia. Na-gyeong akatapika tena. Bibi akamdunga na cha kushoto.

"Leo damu ni nyeusi kweli," akasema. "Mtembeze, Mama Na-gyeong. Mtembeze chakula kishuke."

Nikamshika kiuno, nikaanza kumtembeza sebuleni, tunakwenda, tunarudi. Kichwa changu kilikuwa kimevurugika. Nilijiambia, amekula ngano, ameuliza mara mbili. Masikio mekundu? Ni kwa sababu ya kutapika. Viganja kuwasha? Ni baridi ya vuli. Kila dalili niliitafutia jibu, na kila jibu lilionekana la kweli. Mbona basi moyo ulikuwa unanidunda?

Nikamwacha Bibi amshike. Nikaenda roshani, nikafungua friji, nikatoa sindano chini ya mikebe ya kimchi. Ilikuwa baridi kama barafu na inanuka kitunguu saumu. Kwa mkono mwingine nikampigia simu Mwalimu Tak wa ghorofa ya tatu. Miaka thelathini alikuwa mwalimu wa afya katika shule ya msingi, sasa amestaafu. Nikamwambia tu, "Njoo," nikakata.

Na-gyeong alipoiona sindano akarudi nyuma.

"Mama, bado."

"Bado mpaka lini?"

"Nimemeza kidonge. Tusubiri dakika kumi. Kama siyo yenyewe je? Nitakuwa nimejidunga bure, gari litakuja, na jengo zima litatoka kuchungulia."

"Mbona sauti yako imekuwa hivyo?"

"Nimetapika, Mama. Ni koo tu."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye mafua. Mtoto anasema bado. Bibi anasema kavimbiwa. Daktari, zamani, alisema adungwe papo hapo. Nimsikilize nani? Nilisimama pale na kile kitu mkononi, na nilikuwa sijui lolote.

Bibi akakiangalia. "Kama ni lazima adungwe," akasema, "mdunge hapa hapa kwenye kidole. Pameshafunguka."

Naona aibu kulisema hili, lakini nalisema ili na wewe usije ukafanya. Nilikishika kile kidole. Nilikishika, nikakielekezea sindano.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Tak aliingia na ndala za chooni miguuni.

"Acha kidole hicho," akasema, taratibu kabisa. "Na-gyeong, lala chini. Asitembezwe tena, hata hatua moja. Kala nini?"

"Tambi za ngano," nikasema.

"Kwenye mgahawa gani?"

Na-gyeong akajibu mwenyewe. "Ule wa nyuma ya stendi. Wanauza za memil pia."

"Wanachemshia sufuria ngapi?"

Na-gyeong akafumba macho. Nikamwona anakumbuka.

"Moja," akasema.

"Basi ameila memil kwenye maji," Mwalimu akasema. "Ngozi inawasha, katapika, na sauti inakwama. Vyote vimekuja pamoja baada ya kula. Huo ni mzio, na ni mkali. Lete sindano."

"Mwalimu, tungoje kidogo tu."

"Mwanangu, tutabishana hospitali."

Akaipangusa maji, akaiangalia. "Iko baridi mno, lakini hatuna nyingine, tunaitumia hii hii." Akang'oa kifuniko cha usalama. Akaiweka upande wa nje wa paja, katikati, juu ya suruali ya jinzi, akaikandamiza mpaka ikalia tak. Akahesabu kumi polepole bila kuitoa. Mimi nilihesabu naye bila kujua kwa nini.

"Piga 119, gari la wagonjwa lije," akaniambia. "Sema ni mzio mkali, na tumeshadunga adrenalini. Bibi, leta kitu tumwekee chini ya miguu, iwe juu. Kichwa kibaki chini. Akishindwa kupumua akiwa amelala, tutamkalisha, lakini asisimame."

Bibi akatoka mbio, akarudi na mto wake.

"Bibi," Mwalimu akasema, "mto huo una nini ndani?"

Bibi akauangalia mto. Akaukumbatia kifuani, akatoka nao mpaka nje ya mlango. Tukatumia blanketi.

Dakika chache zikapita. Na-gyeong akakohoa, akasema, "Mama." Ilikuwa sauti yake, ile ninayoijua. Nililia palepale. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, akalalamika kwamba moyo unakwenda mbio.

"Hiyo ni dawa inafanya kazi," Mwalimu akasema. "Itapita."

Gari lilikuja. Na kweli, jengo zima lilitoka kuchungulia.

Jioni, hospitalini, vipele vikarudi na kifua kikaanza kubana. Wauguzi wakamdunga tena, wakamlaza mpaka kesho yake. Mimi nilikuwa nimedhani mambo yamekwisha, nimeshavaa koti turudi nyumbani. Daktari wa zamu aliniambia mzio huweza kurudi baada ya saa kadhaa, ndiyo maana hata aliyepata nafuu lazima afike hospitali. Nikamwitikia, "Ndiyo daktari." Halafu nikamwomba aniandikie, maana najijua.

Jumanne Mwalimu Tak alipanda kwetu. Alikuwa na figili moja kubwa nyeupe kwapani, na kalamu ya sindano iliyoisha muda, aliyoihifadhi tangu enzi za shule.

"Figili ya nini?" Bibi akauliza. "Kimchi nimeshatia."

"Leo figili ndiyo paja," Mwalimu akasema.

Tukakaa kuzunguka meza. Na-gyeong alikuwa ameinamisha kichwa. Hospitali ilimpa sindano mbili mpya, na zilikuwa bado kwenye mfuko wao, hajazigusa.

"Unaogopa kuchomwa?" Mwalimu akamuuliza.

"Kidogo. Nimedungwa na Bibi tangu mtoto, nimezoea."

"Sasa unaogopa nini?"

Na-gyeong akausogeza ule mfuko. "Sijui ni lini nijidunge, Mwalimu. Siku ile kweli sikujua. Nilidhani nimevimbiwa. Nilidhani ni woga. Nitajuaje kwamba ni yenyewe?"

"Mwanzoni hutajua. Mimi miaka thelathini nimewadunga watoto, na hakuna hata mmoja niliyemdunga nikiwa na hakika."

"Sasa unafanyaje?"

"Siisubiri hakika. Ukiisubiri, itakuja wakati pumzi imeshakata. Umekula kitu, kisha sehemu mbili za mwili zinalalamika pamoja, ngozi na tumbo, au tumbo na kizunguzungu? Dunga. Pumzi au sauti inabadilika, hata kama ngozi ni safi? Dunga. Una shaka? Dunga. Baada ya dakika tano mpaka kumi na tano huoni nafuu? Dunga ya pili. Ndiyo maana wamekupa mbili."

"Na kidonge?"

"Kidonge kinatuliza mwasho. Hakifungui koo. Kinywe baadaye ukitaka, lakini kisitangulie."

"Na nikikosea? Nikijidunga kumbe nimevimbiwa tu?"

"Moyo utakwenda mbio, utatetemeka, labda kichwa kitauma. Halafu daktari atakuangalia, utarudi nyumbani. Kwa msichana mwenye moyo mzima kama wewe, kosa hilo linapita. Kosa la pili ni kutokujidunga, na hilo huenda usipate nafasi ya kulirekebisha."

Na-gyeong akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Shuleni waliniita King'ora," akasema.

"Nimesikia."

"Nilidhani nimesahau. Siku ile nimelala hapo sakafuni siwezi kumeza mate, na bado nilikuwa nawaza watu wa ghorofa ya tano watasema nini."

Sikuwa nalijua hilo. Miaka mitano tumekula meza moja na sikulijua. Nilimkasirikia, nikajikasirikia mimi, yote kwa pamoja.

"Waliokuita hivyo wako wapi sasa?" Mwalimu akauliza.

"Mmoja alikuja juzi kupima miwani."

"Akasema nini?"

"Hakunikumbuka."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Na-gyeong akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hayo machozi yakawa ya kulia kweli. Tukamwacha alie.

Alipomaliza akajifuta, akavuta figili. Mwalimu akamwelekeza. Ishike kalamu kwa ngumi, usiweke kidole gumba kwenye ncha yoyote. Ng'oa kifuniko. Kandamiza. Iache ilie tak. Hesabu kumi. Na-gyeong alipoitoa akataka kuona sindano yenyewe, lakini ilikuwa imeshajificha ndani.

"Ndiyo hii tu?" akasema.

"Ndiyo hiyo tu."

Mwalimu alikuwa pia na kalamu ya mazoezi isiyo na sindano. Tulijaribu wote, mmoja mmoja, juu ya nguo zetu. Mimi niliishika kichwa chini miguu juu, wakanicheka. Zamu ya Bibi ilipofika, akaigeuzageuza.

"Kwa nini paja?" akauliza. "Kwa nini si kidole?"

"Paja lina nyama nyingi, Bibi, na damu inaichukua dawa upesi. Dawa hii ikiingia kidoleni, inabana mishipa, damu haifiki, na kidole kinaweza kuharibika. Na mgonjwa naye anakuwa hajapata dawa yake."

Bibi akairudisha kalamu mezani. "Kwa hiyo sindano yangu haina kazi."

"Ina kazi ya nguo, Bibi. Ukidunga huyu na ukamdunga yule kwa sindano ile ile, unaweza kuwahamishia ugonjwa wa damu."

 Siku mbili Bibi alinuna. Aliosha vyombo kwa kuvigonga, na mimi nikatembea kwa vidole humo ndani.

Nikamuuliza Mwalimu habari ya friji. Akasema baridi kali na joto kali vyote vinaharibu, kwa hiyo isikae kwenye friji wala kwenye gari juani. Ikae mahali pa kawaida, na iwe pale alipo mwenyewe. "Sindano ya nyumbani haimsaidii mtu aliye sokoni," akasema. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nawekea kimchi dawa.

Siku ya tatu Bibi alinuna akiwa na kazi mkononi. Alichukua kitambaa cha hanbok yake ya zamani, vazi letu la sikukuu, ile nyekundu, akashona mfuko mdogo wenye kifungo, wa kutosha sindano mbili. Akaushonea kamba. Akaujaribu kwenye mkoba wa Na-gyeong, akaufumua, akaushona tena. Sindano ilikuwa ile ile ya kutudungia. Mto wake wa memil aliutupa mwenyewe, akaanza kulalia wa pamba, na mpaka leo analalamika shingo.

Na-gyeong akauchukua mfuko bila maneno mengi. Akaenda kazini, akamfundisha bosi wake na wenzake kwa kutumia kalamu ya mazoezi. Bosi aliona aibu ya zile tambi, akabadilisha mgahawa. Mimi bado nilikuwa na wasiwasi. Kufahamu ni jambo moja, nilijiambia, lakini siku yenyewe ikija, peke yake, bila Mwalimu wala ndala zake?

Ilikuja mwezi Machi, siku ya Alhamisi. Mimi na Bibi tulikuwa tunamenya vitunguu saumu. Simu ikalia.

"Mama, usishtuke."

Mama akiambiwa asishtuke anafanya nini? Kisu kilinianguka.

"Mteja katuletea keki za wali," Na-gyeong akasema. "Zilikuwa na unga juu, nikadhani ni wa soya. Midomo ikaanza kuwasha na tumbo likasokota. Nimeshajidunga. Nimelala chini, miguu juu ya kiti. Bosi kashapiga 119. Wanafika."

Nikasimama, nikakaa. Nikauliza hospitali gani, nikauliza tena baada ya kujibiwa. Nilivaa kiatu kimoja changu na kimoja cha Bibi. Katikati ya hayo yote likanitoka swali, sijui kwa nini lilikuwa hilo.

"Ulikuwa na hakika, mwanangu?"

"Sikuwa na hakika, Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa safi. "Ndiyo maana nimedunga."

Bibi akaninyang'anya simu. Mikono yake ilikuwa inanuka vitunguu.

"Umedunga wapi?"

"Pajani, Bibi."

"Siyo kidoleni?"

"Siyo kidoleni."

"Juu ya suruali?"

"Juu ya suruali. Nikahesabu kumi. Wateja wote wakahesabu na mimi."

Bibi akanirudishia simu. Akakaa chini kwenye maganda ya vitunguu, akafunika uso kwa aproni yake, akalia kwa sauti. Nilimwacha pale nikakimbia. Kesho yake mchana Na-gyeong alirudi nyumbani kwa miguu yake, akala uji wa wali bakuli mbili, na mfuko mwekundu ukiwa na sindano mbili mpya ukaning'inia kwenye mkoba wake mlangoni.